Geji Imekufa? Usimwambie Dereva "Endelea Tu"



Najua wengi mnasubiri niandike habari ya mbegu. Mvua za kwanza zimeshapiga bati, na simu yangu tangu asubuhi ni swali hilo hilo: "Bwana shamba, mwaka huu tuweke SARO 5 au?" Tutafika huko. Leo naomba niongelee kitu ambacho hakimo kwenye mwongozo wa zao lolote, ila kinaweza kukutia hasara ya msimu mzima kama kimyanga kinavyofanya kwenye mpunga. Naongelea zile saa ndogo za kwenye dashibodi ya trekta lako la zamani, au ya pikapu yako ya kubebea mbolea. Geji.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kubisha abishe vizuri: trekta ambalo geji yake ya joto au taa yake ya oili haifanyi kazi halitakiwi kuingia shambani. Hata kama linavuta. Hata kama wateja wamepanga foleni. Na kazi ya kujua kama geji ni nzima au mbovu ni ya mwenye trekta, usimwachie fundi peke yake.

Heka tatu, halafu kimya

Msimu uliopita kijana mmoja wa upande wa Mngeta alinipigia saa nane mchana. Trekta lake lilikuwa limezima katikati ya shamba la mteja, dereva ameshamaliza heka tatu tangu asubuhi, na ukipiga starta injini haizunguki hata kidogo. Nilipofika nikakuta paipu ya chini ya rejeta imepasuka na maji yote yameisha. Nikamwuliza dereva, "Geji ilikuwa inasemaje?" Akanijibu bila wasiwasi, "Hiyo geji, mzee, ilishakufa siku nyingi. Mimi nimelikuta trekta mshale umelala pale kwenye baridi."

Mwenye trekta alikuwa anajua. Fundi alikuwa anajua pia, maana alishamwambia, "Hiyo ni geji tu, injini ni nzima, piga kazi." Kweli injini ilikuwa nzima, mpaka siku ile. Silinda hedi ilipinda, pistoni mbili zikashika, spea zikaagizwa Dar, kama kilomita 400 kutoka hapa. Trekta lilirudi kazini mwishoni mwa Januari. Mnajua wenyewe mwishoni mwa Januari bonde letu linakuwaje: sehemu za chini zinaanza kujaa, trekta linazama mpaka ekseli, na ambaye hajalima anasubiri mwakani. Wateja waliokuwa wameshalipa nusu ikabidi warudishiwe hela zao. Mkopo wa trekta nao hausubiri maji yapungue.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Tulipokuja kufuatilia ile geji, sensa ilikuwa nzima na geji yenyewe nzima. Panya walikuwa wamekata waya nyuma ya injini wakati trekta limelazwa ghalani pamoja na magunia ya mpunga. Kipande cha waya cha urefu wa kidole ndicho kilichomgharimu msimu.

"Mbona wazee walilima bila geji?"

Hili jibu nalipata kila nikizungumzia jambo hili, na naliheshimu. Ni kweli, wapo wazee hapa bondeni walioendesha matrekta miaka mingi na dashibodi imebaki matundu. Lakini angalia tofauti. Mzee yule alikuwa anaendesha trekta lake mwenyewe. Alijua mlio wake, harufu yake, na mtetemo wake kwenye usukani. Akisikia limebadilika sauti, anashuka.

Wewe kijana wa biashara huko hivyo. Trekta lako liko Mchombe, wewe uko Ifakara mjini unafuatilia pembejeo, au uko Dar unatafuta soko la mchele. Aliyekaa kwenye kiti ni dereva uliyemwajiri juzi, na unamlipa kwa heka. Tumwonee huruma tusimlaumu: kila dakika anayosimama kuangalia injini ni heka inayompita. Shambani pale hakuna mtu anayekutetea wewe mwenye mali isipokuwa ule mshale na ile taa nyekundu. Ukiviacha vife, umemfukuza msimamizi wako mwenyewe.

Kwa hiyo tujifunze kupima. Nitakayoeleza hapa ni kwa vyombo vya zamani, vile ambavyo sensa yake ina waya mmoja tu. Gari lenye kompyuta usiliguse kwa njia hizi, utaunguza kitu cha bei.

Anza na ufunguo, kabla ya spana

Zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya oili na taa ya chaji lazima ziwake zote mbili. Hapa vijana wengi wanakosea: wanafurahi wakiona taa haiwaki. Ndugu yangu, taa ya oili isiyowaka wakati injini imezimwa ni taa iliyokufa. Ama globu imeungua, ama waya umekatika, ama kuna mtu ameichomoa makusudi. Oili ikiisha hautaambiwa.

Kuipima, tafuta swichi ya oili kwenye ubavu wa injini, chomoa waya wake, na ufunguo ukiwa umewashwa gusisha ncha ya waya huo kwenye chuma kisafi cha injini. Taa ikiwaka, waya na globu ni vizima, swichi ndiyo mbovu. Isipowaka, fuatilia globu, fyuzi na waya.

Taa ya chaji nayo usiidharau. Kwenye altaneta nyingi za zamani, umeme unaopita kwenye globu hiyo ndio unaoiamsha altaneta ianze kuchaji. Globu ikiungua, betri inaweza kuwa inaliwa tu na wewe unalaumu betri. Ukiwa na mita ya kupimia umeme, betri nzima iliyopumzika inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka inatakiwa ipande, kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikibaki kwenye 12, altaneta haichaji.

Hesabu zilizokufa

Kabla hujanunua chochote, jiulize: imekufa geji moja au zaidi?

Zikifa zote kwa pamoja, usihangaike na sensa. Sensa nne haziwezi kufa siku moja. Angalia fyuzi, kisha athi ya dashibodi, yaani ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi. Ikiwa ni ya joto na ya mafuta tu zimeshikana kufa, au zote mbili zinasoma juu kuliko kawaida, kwenye magari mengi ya zamani mshukiwa ni stebilaiza, kile kidude kidogo nyuma ya dashibodi kinachozigawia geji hizo mbili umeme ulioshushwa na usioyumba. Kikikata, zinalala zote. Kikikosa athi, zinapanda zote.

Ikiwa imekufa moja tu, hapo sasa ndiyo unaifuata sensa yake.

Athi, athi, athi

Kwa sisi tunaofanya kazi kwenye matope ya Kilombero, nikipewa nafasi ya kukisia mara moja tu nitakisia athi. Umeme unatoka betri, unapita kwenye geji, unaingia kwenye sensa, halafu unarudi betri kupitia chuma cha injini na bodi. Hiyo njia ya kurudi ikishika kutu, geji zinaanza kuongea lugha ya walevi.

Nina ushahidi wa kwangu mwenyewe. Pikapu yangu ya zamani, nikitoka Lupiro jioni moja, mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye nyekundu. Nikasimama, nikazima, nikasubiri. Maji yapo, paipu hazina moto wa ajabu, hakuna mvuke. Fundi wa kwanza niliyempelekea akataka kufungua silinda hedi, akanitajia na bei ya gasketi. Nikamwambia, "Fundi, subiri kwanza." Nilikuwa nimegundua kitu: mshale ulipanda pale nilipowasha taa za mbele. Tukawasha taa tena, na mshale wa mafuta nao ukapanda! Gari gani linajijazia mafuta kwa kuwashwa taa? Tulikwangua kutu kwenye bolti ya athi nyuma ya dashibodi kwa msasa, tukaikaza, mishale yote ikarudi mahali pake. Hakikuguswa kitu kingine.

Kwa hiyo fanya kipimo hicho rahisi: injini ikiwaka, washa taa, piga honi, washa vaipa kama zipo. Mishale ikicheza kila ukiwasha kitu, safisha athi kwanza: hasi ya betri kwenda bodi, bodi kwenda injini, na ya dashibodi. Tena ukifunga sensa mpya, usiizungushie ile tepu nyeupe ya bomba nyuzi nzima. Sensa ya waya mmoja inapata athi yake kupitia nyuzi hizo. Ukizifunika zote, umeweka sensa mpya inayosoma uongo.

Waya wa sensa, chomoa kisha gusisha

Geji ya joto. Washa ufunguo, chomoa waya kwenye sensa. Mshale unatakiwa ulale kwenye baridi. Sasa gusisha ncha ya waya kwenye chuma cha injini kwa sekunde mbili tatu, usizidishe. Mshale unatakiwa uanze kupanda kuelekea kwenye moto. Ukipanda, geji na waya vyake ni vizima, tatizo ni sensa au athi yake. Usipopanda, waya umekatika njiani au geji yenyewe imekufa. Huyu kijana wa Mngeta angefanya hivi siku moja ya jioni, angegundua waya wa panya kwa dakika tano.

Geji ya mafuta ni vile vile, ila upande ambao mshale unakwenda unategemea chombo. Magari mengi ya zamani ya Kijapani ukigusisha mshale unakwenda kwenye tangi limejaa. Mengine yanakwenda kinyume. Cha muhimu ni kwamba mshale umetembea. Ukitembea, tafuta tatizo kwenye boya ndani ya tangi au kwenye athi ya tangi. Jihadhari: kipimo hiki fanya kwenye kiungo cha waya kilicho mbali na mdomo wa tangi, kifuniko kimefungwa, na kama ni petroli mwachie fundi. Cheche na mvuke wa petroli havina utani.

Matrekta mengine ya zamani hayatumii umeme kwenye geji hizi. Ukiona kibomba chembamba kinatoka kwenye injini mpaka kwenye geji, hiyo inafanya kazi kwa presha ya kimiminika chenyewe. Ya joto ikikatika kibomba haiungwi, unanunua nzima. Ya oili ikivuja, simama palepale, maana kinachomwagika ni oili ya injini yako.

Usiamini mpaka umehakikisha

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa. Kujua kwamba geji ni mbovu hakukwambii kwamba injini ni salama. Hayo ni maswali mawili tofauti, na kosa kubwa la mafundi wetu ni kujibu moja wakadhani wamejibu yote.

Taa ya oili ikiwaka ukiwa kazini, zima injini hapo hapo. Usitafute kivuli, usimalizie tuta. Angalia kijiti cha oili. Oili ikiwa ipo na bado taa inawaka, usiwashe tena kwa kusema "ni swichi hiyo." Fundi achomoe swichi, afunge geji ya presha ya mkono kwenye tundu lile lile, ndipo injini iwashwe na isomwe. Presha ikiwa nzuri kwa mujibu wa kitabu cha injini hiyo, badilisha swichi. Ikiwa ndogo, umeokoa bearing za injini.

Joto nalo lina mtego wake. Sensa ya joto inasoma maji yaliyoizunguka. Maji yakiisha, sensa inabaki hewani, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Kwa hiyo ukiona mshale ulipanda, halafu ghafla ukaanguka kwenye baridi, usimshukuru Mungu bado. Zima. Na usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Subiri mpaka uweze kuweka kiganja kwenye rejeta bila kukitoa.

Kanuni yangu ni fupi: geji ikikutisha, simama kwanza, ubishane nayo baadaye. Mimi siku ile ya Lupiro nilisimama, ikaja kuonekana ni kutu. Nilipoteza nusu saa tu.

Ukienda kununua trekta la mkononi

Wengi wenu mnaanza na trekta lililotumika, na hakuna ubaya. Ila muuzaji mjanja anajua kucheza na dashibodi. Taa ya oili inayowaka muda wote inatisha mnunuzi, basi inaunganishwa na waya wa taa ya chaji ili zizime pamoja injini ikiwaka. Dawa yake: ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, taa ya oili iwe inawaka, kisha chomoa waya wa swichi ya oili. Taa lazima izime. Ikiendelea kuwaka, ama waya umegusana na chuma mahali, ama kuna mchezo. Kwa vyovyote bei irudi mezani.

Mita ya masaa nayo usiiabudu. Kwenye matrekta mengi ya zamani inaendeshwa kwa kebo kutoka kwenye injini, na inahesabu saa kamili pale tu injini inapozunguka kwa kasi maalumu. Ikizunguka taratibu, masaa yanakwenda polepole. Kebo ikikatika, masaa yanasimama miaka mitano na trekta linaendelea kulima. Mita iliyokufa ina hasara nyingine: hujui lini umefikisha masaa ya kumwaga oili, na kama geji ya mizunguko iko humo humo, hujui kama piito yako inazunguka ile 540 inayotakiwa na mashine uliyofunga nyuma. Mpaka utakapoitengeneza, nunua daftari, dereva aandike saa ya kuwasha na saa ya kuzima kila siku.

Mlipe dereva kwa kusimama

Namalizia na jambo ambalo najua litawakera baadhi yenu. Unaweza kutengeneza geji zote zikawa kama mpya, na bado injini ikafa, kama dereva anaona mshale umepanda na anaogopa kusimama. Ukimlipa kwa heka peke yake, umemlipa asiangalie dashibodi. Mimi nashauri mkubaliane mapema, mbele ya shahidi: dereva akizima trekta kwa sababu ya taa au mshale na akakupigia, siku hiyo halali na njaa, hata kama itakuja kuonekana ni waya tu. Na asimkaripie mtu. Ukimgombeza mara moja kwa kusimama bure, mara ya pili hatasimama.

Kijana wa Mngeta msimu huu amerudi kazini. Amefunga waya mpya ndani ya mpira ili panya wasiufikie, trekta linalazwa mbali na ghala, na kila asubuhi dereva anampigia simu ya nusu dakika: taa zimewaka, taa zimezima, mshale uko wapi. Ndiyo maongezi yao yote.

Basi kabla ya Jumamosi, kila mwenye trekta au pikapu azungushe ufunguo, ahesabu taa. Ukikuta moja haiwaki, usilale nayo. Wiki ijayo tunaingia kwenye mbegu, naahidi.